Vijidudu vya Simuni na Vijidudu vya Darasani

Muhula uliopita, katika majuma ya mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya chumba cha Darasa la Nne, fomu ya tathmini mapajani, tukimsikiliza mwanachuo wetu mmoja akifundisha somo la vijidudu vya magonjwa. Alikuwa mwanachuo hodari. Sauti yake ilifika hadi madirishani, mwandiko wake ubaoni ulisomeka, na watoto walimpenda. Alipofika mahali pa kueleza jinsi vijidudu vinavyozidi nguvu mwilini, alichora viduara viwili vyenye macho, akatia alama ya kujumlisha katikati yake, kisha mbele akachora kiduara kimoja kikubwa chenye pembe. Akasema kwamba vijidudu viwili dhaifu huungana vikawa kimoja chenye nguvu, navyo vyenye nguvu huungana tena, hata mgonjwa akalemewa.

Mtoto mmoja wa dawati la tatu akanyosha mkono. "Mwalimu," akauliza, "vijidudu viwili vikiungana vikawa kimoja, si vinapungua? Basi mbona mgonjwa anazidi kuumwa?"

Mwanachuo wetu alinyamaza. Akautazama ubao, kisha akatutazama sisi. Nasi tulikuwa na sababu ya kuinamisha macho, maana andalio lile la somo lilikuwa limepita mikononi mwetu siku moja kabla, na sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa yetu.

Baada ya kipindi tulimwuliza alikoutoa mchoro ule. Hakuficha. Ulitoka katika mchezo wa simu alioucheza kila usiku bwenini. Hapo tukazidi kuona haya, kwa kuwa mchezo wa namna hiyo tuliujua vema. Ulikuwamo katika simu yetu pia, na kwa majuma kadhaa tulikuwa tukiufungua kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Mchoro haukutushtua katika andalio kwa sababu macho yetu yalikwisha kuuzoea.

Makala haya basi hayakuandikwa kumlaumu kijana yule. Yameandikwa ili ninyi mnaojiandaa kuwa walimu mpate kulifikiri jambo moja ambalo sisi tulilifikiri tumechelewa: zana ya kufundishia hupimwaje kabla ya kuingizwa darasani?

Mchezo wenyewe

Kwa wasioujua, tuueleze kwa ufupi. Kwenye kioo cha simu huonekana kisahani kama kile ambamo wataalamu wa maabara hukuzia bakteria. Kila baada ya sekunde chache huzuka ndani yake kijidudu kidogo cha daraja la kwanza. Mchezaji hukiburuta kwa kidole hadi juu ya kingine cha daraja lilelile, na viwili hivyo huwa kimoja cha daraja la pili, chenye rangi mpya na pengine jicho la ziada. Viwili vya daraja la pili huzaa kimoja cha daraja la tatu, na kuendelea. Kila kijidudu hutoa sarafu, na sarafu hununua vijidudu vingine au huharakisha kuzuka kwake. Hata simu ikiwekwa kando na mchezaji akalala, sarafu huendelea kuhesabiwa. Asubuhi hukuta akiba ikimngoja, na akikubali kutazama tangazo la biashara huongezewa maradufu. Hamna kushindwa, wala hamna mwisho.

Michezo ya ukoo huu haikuanzia kwenye vijidudu. Mwaka 2013 Mfaransa Julien Thiennot alitoa Cookie Clicker, mchezo wa kubofya picha ya biskuti hadi biskuti zianze kujizalisha zenyewe. Mwaka 2014 kijana Mwitalia, Gabriele Cirulli, alitoa mchezo uitwao 2048, ambamo namba mbili zilizo sawa huunganishwa kuwa moja iliyo maradufu. Ukizichanganya njia hizo mbili, kisha ukaweka vijidudu mahali pa biskuti na pa namba, umeupata mchezo tunaouzungumzia. Ni dhahiri basi kwamba kule kuungana hakukutoka maabara. Kulitoka katika namba. Kijidudu ni vazi tu lililovishwa juu yake.

Hatuna ugomvi na mtengenezaji. Alikusudia kuburudisha, wala hakuahidi kufundisha. Lakini mwalimu akiichukua burudani na kuigeuza somo, dhamana si ya mtengenezaji tena.

Hesabu ileile, mwelekeo umepinduka

Tulitazame swali la yule mtoto kwa hesabu. Katika mchezo, kijidudu kimoja cha daraja la pili huhitaji viwili vya daraja la kwanza. Cha daraja la tatu huhitaji vinne. Cha daraja la 11 huhitaji 1,024. Na cha daraja la 21 huhitaji 1,048,576. Vijidudu zaidi ya milioni moja hukusanywa vikawa kimoja.

Sasa tumtazame bakteria wa kweli. Yule aitwaye Escherichia coli, akaaye matumboni mwetu, akipata chakula, unyevu na joto la kutosha, huweza kugawanyika mara moja katika kila dakika 20 hivi. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Baada ya migawanyiko 20, yaani baada ya saa 6 na dakika 40, mmoja amekuwa 1,048,576. Hesabu ni ileile, ila mwelekeo umepinduka. Mchezo huwafanya wengi kuwa mmoja, hali asili humfanya mmoja kuwa wengi.

Tofauti hiyo ndiyo somo zima la usafi. Mtoto anayejua kwamba wachache walioachwa kwenye vidole jioni waweza kuwa malaki ndani ya chakula kilicholala bila kufunikwa, anaelewa kwa nini ananawa mikono kwa sabuni, kwa nini uji wa jana hupashwa moto hadi uchemke, na kwa nini maji ya kunywa huchemshwa. Mtoto aliyeambiwa kwamba vijidudu huungana hana sababu ya kuwaogopa wachache. Atangoja lile jitu lenye pembe, na jitu hilo halitatokea kamwe.

Yafaa tuseme ukweli wote. Kuungana kwa namna fulani kupo katika maisha ya viumbe wadogo. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha kwamba bakteria huweza kupeana sehemu za urithi wao. Lakini wakishapeana hubaki wawili, kila mmoja akaenda zake. Na mwaka 1967 Lynn Margulis alitetea hoja, ambayo leo imekubaliwa na wanasayansi, kwamba mitokondria zilizomo katika seli zetu zilitokana na bakteria waliowahi kuingia katika seli nyingine wakaishi humo. Hilo lilikuwa tukio adimu la kale sana. Mkufunzi alijue, na mwanachuo alisome. Lakini haliwezi kuuhalalisha mchoro wa viduara viwili na pembe.

Ngazi na mti

Kosa la pili limejificha zaidi. Mchezo hudai kuonyesha mageuko ya viumbe, na huyaonyesha kama ngazi: daraja la kwanza, la pili, la tatu, kila kijidudu kikipanda na kuwa bora kuliko kilivyokuwa. Charles Darwin alipochapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi mwaka 1859, mchoro mmoja tu alioutia ndani yake haukuwa wa ngazi. Ulikuwa wa matawi yanayoachana, mengine yakiendelea na mengine yakikatika njiani. Katika mageuko hakuna kiumbe kinachopanda cheo. Viumbe huzaana, watoto hutofautiana kidogo, mazingira huwaondoa baadhi, na waliobaki huzaa walio kama wao. Kinachobadilika ni jamii, vizazi kwa vizazi.

Mtu atauliza, haya yamhusu nini mtoto wa miaka kumi? Yamhusu sana, maana yamo katika chupa ya dawa nyumbani kwao. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928. Na alipotoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba kutumia dawa hiyo kwa kipimo pungufu kwaweza kuwafanya vijidudu kuwa sugu. Onyo lile limetimia. Kwa makadirio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Hapa kwetu wataalamu wa afya huliita tatizo hili usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Nalo hulishwa na mambo tunayoyaona kila siku: mgonjwa anayenunua vidonge vichache dukani bila kupimwa, jirani anayemgawia jirani dawa zilizobaki, mzazi anayedai kiuavijasumu kwa ajili ya mafua, ingawa mafua huletwa na virusi na dawa hiyo haiviwezi virusi.

Mtoto aliyefundishwa mageuko ya ngazi atadhani kwamba usugu ni kijidudu kimoja kujizoeza na kupanda cheo. Au, vibaya zaidi, atadhani kwamba ni mwili wake uliozoea dawa. Hataona kwamba sisi wenyewe ndio tunaochagua, kila tunapowaua walio dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu.

Tusichoweza kuupinga mchezo

Wapo wenzetu wanaosema dawa ya haya yote ni kuzipiga marufuku simu bwenini. Hatukubaliani nao. Mwanachuo atakayenyang'anywa simu kwa miaka ya chuo atarudishiwa siku ya kuhitimu, naye hatakuwa amejifunza kuipima. Wapo na wengine wanaosema kwamba kwa kuwa watoto huzipenda simu za wazazi wao, basi na tuuchukue mchezo kama ulivyo tuufanye zana. Nao hatuwezi kuwafuata, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja.

Hata hivyo mchezo una sifa ambazo masomo yetu mengi hayana, na si haki kuzificha. Kwanza, huanza na tendo dogo ambalo hakuna asiyeliweza. Pili, huonyesha matokeo papo hapo. Kidole kikitenda, jicho huona. Tatu, huacha swali mbele ya mchezaji: kijacho kitafananaje? Tulipojichunguza tuligundua kwamba swali hilo ndilo lililotuamsha kila asubuhi, wala si sarafu. Mwalimu anayeingia darasani na kuandika ubaoni maana ya bakteria ili inakiliwe, hana hata moja ya sifa hizo tatu. Asishangae basi simu ikimshinda.

Lakini mchezo una tabia nyingine ambayo mwalimu hana budi kuikataa. Humlipa mtu aliyelala. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchezo humwinulia kitanda. Umetengenezwa usifike mwisho, maana ukifika mwisho tangazo halitatazamwa tena. Somo jema hufika mwisho. Kengele ikilia mtoto awe na jambo analolijua ambalo hakulijua kengele ilipolia mara ya kwanza, kisha aende akacheze. Na mwanachuo naye ajihesabie: robo saa ya kuburuta vijidudu kila usiku ni saa moja na dakika 45 kwa juma. Andalio zuri la somo huandikwa kwa muda mfupi kuliko huo.

Michezo miwili ya mbegu

Tuliketi na mwanachuo wetu jioni ileile tukatengeneza michezo miwili isiyohitaji bando wala umeme. Tunaieleza hapa ili nanyi mpate kuijaribu.

Mchezo wa kwanza ni wa kugawanyika. Kila kikundi kipewe kopo la punje za mahindi. Waweke punje moja katikati ya karatasi. Hiyo ni bakteria mmoja. Mwalimu apige kofi, kila kofi likiwa dakika 20, na kila kofi lipigwapo watoto waweke punje ya pili kando ya kila punje iliyopo. Waandike idadi daftarini: 1, 2, 4, 8, 16. Kwenye kofi la tisa, yaani saa tatu tu tangu mwanzo, watahitaji punje 512, na makopo yatakuwa yamekwisha au yanakaribia. Hapo mwalimu aulize: tukiendelea hadi kesho, dunia haitajaa bakteria? Watoto wenyewe watasema, kwa kuwa kopo limekwisha, kwamba chakula nacho huisha. Hilo ni jibu sahihi, nao wamelipata kwa mikono yao.

Mchezo wa pili ni wa dawa. Kila kikundi kiwe na maharage meupe 24 na mekundu 8. Waweke sahanini meupe 18 na mekundu 2, mengine yakae akiba. Meupe ni bakteria wanaokufa kwa dawa. Mekundu ni wale wachache ambao, kwa hitilafu iliyotokea wakati wa kunakili urithi wao, dawa haiwadhuru. Kidonge cha kwanza kimemezwa: watoto waondoe meupe 12. Yamebaki meupe 6 na mekundu 2. Mgonjwa amepata nafuu, akaacha dawa. Sasa bakteria wagawanyike: meupe 12, mekundu 4. Wagawanyike tena: meupe 24, mekundu 8. Watoto wahesabu. Mwanzoni sugu walikuwa 2 katika 20, yaani moja ya kumi. Sasa ni 8 katika 32, yaani robo. Ndipo mwalimu aulize swali lililo kiini cha somo: je, kuna harage jeupe hata moja lililogeuka kuwa jekundu? Hakuna. Kila harage limebaki na rangi yake, na bado sahani imebadilika. Hayo ndiyo mageuko.

Mtoto mwerevu atauliza: hata angemeza dawa zote, mekundu mawili si yangebaki? Swali hilo lisikwepwe. Mwambieni kwamba mwili nao una askari wake, na adui wakibaki wachache askari hao huweza kuwamaliza. Ndiyo maana dawa humezwa jinsi mtaalamu wa afya alivyoagiza. Ugonjwa kama kifua kikuu aghalabu huhitaji miezi sita ya dawa zaidi ya moja kwa pamoja, ili anayeponyoka moja anaswe na nyingine. Mwambieni pia kwamba mara nyingine sugu hubaki wengi mno, na kwamba kwa sababu hiyo kunawa, choo safi na chanjo ni bora kuliko dawa yoyote.

Msimwache aende nyumbani akidhani kila bakteria ni adui. Mng'oleeni mche wa kunde au wa maharage katika shamba la shule, mumwonyeshe vinundu mizizini. Humo wamo bakteria wanaoinasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Mkumbusheni mtindi, ambao bila bakteria usingekuwapo. Katika simu kila kijidudu ni jitu. Katika shamba wengine ni vibarua wetu.

Kila zana ina mahali inapodanganya

Msomaji makini atasema kwamba maharage nayo yanadanganya. Ni kweli. Maharage hayajigawanyi, na bakteria sugu kwa kawaida huwa wachache mno kuliko 2 katika 20. Ramani hudanganya ukubwa, tufe la darasani hudanganya umbali, mchoro wa moyo hudanganya rangi. Hakuna zana isiyodanganya mahali fulani. Kazi ya mwalimu ni kupajua mahali hapo kabla ya mtoto, na kuhakikisha kwamba uongo haukuangukia juu ya jambo lenyewe linalofundishwa. Uongo wa maharage uko pembeni, na mwalimu huweza kuutaja kwa sentensi moja. Uongo wa mchezo wa simu uko katikati kabisa: unasema wanaungana, nao wanagawanyika, unasema wanapanda, nao wanachujwa.

Jambo hili ni zito zaidi katika somo la vijidudu kuliko katika mengine. Shule zetu nyingi za msingi hazina hadubini. Mtoto akichorewa ng'ombe vibaya atamsahihisha mwalimu, kwa kuwa ng'ombe anamjua. Kitu kisichoonekana hukaa akilini jinsi kilivyochorwa mara ya kwanza, wala hakuna malisho atakapokwenda kukisahihisha.

Kwa hiyo kabla hamjaingiza zana yoyote darasani, iwe ya simu, ya karatasi au ya udongo, jiulizeni maswali matatu. Mkono wa mtoto utatenda nini, na je, ndivyo asili itendavyo? Zana hii inadanganya wapi, pembeni au katikati? Na mwisho wake ni upi, ili mtoto ajue kwamba amefika? Sisi tungaliuliza swali la kwanza tu, sahihi yetu isingalikaa chini ya andalio lile.

Siku mbili baadaye mwanachuo wetu alirudi Darasa la Nne akiwa na makopo ya mahindi na maharage. Kabla ya kuanza alichora tena viduara vyake viwili, akavifuta mbele ya watoto wote, akasema kwamba swali lililoulizwa juzi lilikuwa sahihi na mchoro wake ndio uliokuwa na kosa. Kisha akamwita yule mtoto wa dawati la tatu aje mbele aweke punje ya kwanza. Katika fomu ya tathmini hakuna mahali pa kutia alama kwa tendo kama hilo. Tuliliandika pembeni.